Joho la Babu Mabruki

Mzee Shaban, fundi cherehani wa Chemchem, mjini Tabora, alikuwa na babu mmoja tu wa kujivunia, na alimtumia vizuri. Kila aliyekuja kupunguziwa suruali aliondoka akijua kwamba Babu Mabruki aliongoza misafara ya pembe hadi Bagamoyo, amevaa joho jekundu. Basi Lugembe, mkulima wa tumbaku wa Urambo, alipoleta posa kwa Maua, binti wa Mzee Shaban, jibu lilikuwa tayari.

"Simwozi binti yangu kwa mjukuu wa mpagazi."

"Baba, huu ni mwaka wa sitini na nane. Tuko kwenye Ujamaa, sote ni ndugu."

"Undugu naukubali. Posa siitaki."

Maua alikuwa mwalimu, tena mbishi, na alimpenda Lugembe kweli. Akauliza ni nani aliyeliona hilo joho. Mzee akapandwa na hasira: waende wote Tura alikozikwa babu, Maua akasikie kwa masikio yake! Jumamosi wakapanda treni.

Huko wakaelekezwa kwa Bi Ngollo, kikongwe wa karibu miaka mia, aliyekuwa akimenya karanga barazani. Aliposikia kwamba mgeni ni mjukuu wa Mabruki, akacheka hadi karanga zikamwagika.

"Mabruki mvunja vyungu! Alikuwa mpagazi wa vyombo vya jikoni. Akateleza pale kijitoni, vyungu vyote vipande vipande. Kwa woga akajificha kwetu, msafara ukaondoka. Dada yangu akamlisha, mwishowe wakaoana. Kumbe wewe ni mjukuu wangu! Mume wangu amekuja, kichwa kama kibuyu!"

Mzee Shaban alifungua kinywa agombe, lakini bibi ni mtani wa mjukuu wake, na mtani hanuniwi. Bi Ngollo akampokonya kofia kwa utani.

"Nimeiteka. Huyu binti ana mchumba?"

"Anaye, Bibi," Maua akawahi. "Baba hamtaki, eti ukoo wa wapagazi."

"Basi kofia ataikomboa kwa harusi!"

Mzee alirudi kichwa wazi, na Maua akaogopa kwamba ameharibu kila kitu. Ndani ya treni baba yake akamgeukia.

"Alitembea na vyungu vya watu kichwani kutoka Tabora mpaka kule. Na mimi nikamvika joho, kana kwamba namwonea haya." Machozi yakamlenga, kisha akacheka. "Mwandikie Lugembe. Wazee wake waje Ijumaa, na habari za vyungu nitawasimulia mwenyewe."