Salamu kwa Mjane wa Navajo

Mama alisimama filamu ikiwa bado inaendelea. Nilimvuta koti, akauondoa mkono wangu polepole, bila kunitazama.

Ilikuwa mwaka 1996, katika ukumbi mdogo wa sinema karibu na kituo cha Schuman, huku kwa Wabelgiji. Viviane, mwenzangu wa kazi hospitalini Jette, alikuwa ametupatia tiketi. Filamu ya hali halisi, alisema, kuhusu Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani: wanaume waliochimba urani bila kuelezwa hatari yake, na wajane waliobaki. Nilimpeleka Mama ili tu atoke mtaani kwetu Schaerbeek, kwenye lile dirisha alipokuwa akishinda akitazama tramu na kuiwaza Katanga tulikotoka.

Kwenye skrini, bibi mmoja wa Kinavajo aligusa ukuta wa nyumba yake. Mawe yalitoka mgodini, alisema. Mumewe alikohoa mpaka akafa.

"Dada," Mama akamwambia, kwa sauti ya kusemezana na jirani uani, "na wa kwangu alikufa vile."

Watu waligeuka. Mmoja akamnyamazisha kwa Kifaransa. Mama aliendelea.

"Alikuwa anarudia na vumbi ya ile mawe ku manguo, ya manjano. Mutoto anamurukia ku shingo, anacheka. Mi nabaangalia tu, nafurahi. Bon, hakuna muntu alituambia."

Mtoto huyo ni mimi. Baba alifariki kabla sijaweza kumkumbuka, na nyumbani hatukumtaja. Kila nilipouliza, Mama alipata kazi jikoni. Nilikua nikimtamani mtu nisiyemjua hata sauti, nikiwatazama baba za wenzangu walivyofunga viatu, walivyopiga chafya. Na sasa, gizani, kati ya wageni, nikapewa shingo yake.

Taa ziliwaka. Mwongozaji wa filamu, Mbelgiji mwenye miwani, alitusogelea akauliza kwa upole mama yangu amesema nini.

"Umuambie," Mama alinihimiza. "Apelekee ule maman salamu yangu."

Nilifungua mdomo. Badala ya kutafsiri, nilimgeukia Mama.

"Mama," nikauliza, "Baba alikuwa akiniita nani?"

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza anagundua kwamba sikuwahi kuambiwa.

"Kasuku," akasema. "Sababu haukuwa unanyamaza."

Mwongozaji alisubiri, na waliokuwa mlangoni wakasimama kusikiliza. Nami sikuweza kutoa hata neno.