Bata wa Rais Fillmore

Mpaka leo sijui kama siku ile nilishinda au nilishindwa. Anayejua aje aniambie.

Kila Januari, siku aliyozaliwa Millard Fillmore, Rais wa Marekani wa zamani, sisi wapenzi wake wa East Aurora tunakutana katika ukumbi wa chini ya kanisa kupimana nani anamjua zaidi. Maswali kumi, penseli, kimya. Mwaka huu niliyatunga mimi, Arlene, na sababu ni moja tu: kaka yangu Clifford. Chama alikianzisha yeye, lakini siku hizi anaweka miwani kwenye friji. Binti yake Marcy alishaamua kumpeleka nyumba ya wazee kule Rochester. Nikagombana naye wee, hadi tukapatana: Clifford akipata saba, anabaki kwake.

Basi nikatunga ya mteremko. Mke wa kwanza wa Fillmore? Abigail. Ujanani alifunzwa kazi gani? Ya vitambaa. Tulipomaliza nikasahihisha ya Clifford mbele ya wote. Hadi la tisa alikuwa na sita. Bado moja tu. La kumi lilikuwa la bure kabisa: bata bukini wa Fillmore aliitwa nani? Nani asiyemjua Tibbs, aliyelala mlangoni pa ofisi yake ya uwakili? Yumo kwenye kijitabu alichoandika Clifford mwenyewe, yumo kwenye bango letu, na keki hatuikati kabla ya kulia wote kama bata kwa heshima yake.

Clifford kaandika: "Hakuwa na bata."

"Masikini!" akasema Norbert, mwenyekiti wetu. "Kamsahau hata Tibbs!"

Marcy akanigeukia. "Shangazi, si umeona mwenyewe?"

"Nyie ndio hamnazo," Clifford akasema, katulia tuli. "Tibbs nilimbuni mimi, niwanase wanaonakili kijitabu changu. Miaka thelathini na mitano mnalia kwaa-kwaa, mijitu mizima!"

Hapo nikakumbuka. Tibbs alikuwa bata wa bibi yetu shambani, aliyekuwa akimkimbiza Clifford hadi chooni. Miaka yote mimi nilidhani bibi alimpa jina la bata wa Rais! Lakini bata yule alichinjwa tukiwa watoto, na kijitabu kikaja tuna watoto wakubwa. Sasa nani alirithi jina la nani? Nikahesabu kwa vidole, nikapotea, nikaanza upya. Ee Mungu wangu, kaka alikuwa sahihi.

"Saba!" nikapiga meza.

"Haiwezekani!" Norbert akafoka. "Na bango letu je?"

"Lifanye dekio!"

Marcy akacheka huku anajifuta machozi, akasema ahadi ni ahadi, akaenda kuleta gari. Nilifurahi hadi nikala keki bila kulia kwaa. Nikamvalisha Clifford koti. Akanishika mkono kwa adabu tele.

"Mama, maswali yako yalikuwa mazuri sana," akasema. "Wewe ni mwenyeji wa hapa hapa?"

Nikadhani ni utani. Nikamtazama nione kama atacheka. Hakucheka; alikuwa anasubiri jibu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni mwenyeji."

Nikamfunga vifungo kimoja kimoja, nikamshika hadi kwenye gari. Marcy akashusha kioo, anatabasamu.

"Kesho nitakuja," nikasema, "tumfungashie nguo zake za kwenda Rochester."