Bikoni Niliyoifukia

Siku tatu tulifunga na kumwomba Mungu amwondoe yeyote anayezuia kusudi lake pale Kitengela, na mimi Mumbi, mwenyekiti wa akina mama, ndiye niliyeomba kwa sauti kubwa kuliko wote. Mzuiaji nilikuwa namjua.

Wenzangu walidhani ni Bulle, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa. Mwezi wa pili mwaka 2001 alikuja akasimama juu ya msingi wa kanisa letu na hati ya ardhi mkononi. "Mchungaji, hii ploti ni yangu, niko na title. Nataka kujengea familia hapa." Mchungaji Gakuru alimjibu kwa heshima, lakini Jumapili alituhubiria Ayubu: Mungu akikusudia jambo, hakuna mkono wa kulizuia. Watu walipiga makofi. Florence, aliyebeba mawe ya msingi ule mpaka mgongo ukakataa kunyooka, alilia. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Maana ploti niliionyesha mimi. Mwaka wa tisini na tisa mpima ardhi hakufika siku tuliyoagana, na mimi subira sikujaliwa. Uwanda wote ulikuwa nyasi tupu, bikoni, zile alama za mipaka ya ploti, zimemezwa na udongo mweusi. Mchoro aliotupa muuzaji ulisema ploti yetu ni ya tano kutoka boma la jirani, Mzee Parsaoti. Basi nikaanzia kwenye ua wake wa miiba, nikahesabu kwa hatua, nikawaambia mafundi, "Chimbeni hapa." Kumbe mchoro ulikuwa wa kabla ya mvua za El Niño. Mvua zilipojaza zizi tope, Parsaoti alihamisha boma lake, kama Mmasai yeyote mwenye akili angefanya. Mimi nilipima kanisa kwa kitu kinachohama!

Niligundua kosa msingi ukiwa umeisha. Nilikuwa nakata nyasi ya ng'ombe, nikajikwaa kwenye bikoni yetu halisi, ploti tatu kando. Niliipangusa, nikasoma namba, nikairudishia udongo na kwenda zangu. Aibu ilinizidi nguvu. Nilijiambia kwamba mwenye ile ploti nyingine huenda hatakuja kamwe.

Siku ya tatu ya maombi, Mchungaji alisema, "Kesho tunaenda mahakamani Kajiado kwa kesi ya Bulle. Florence atakuwa shahidi. Ataapa kwamba tulijenga pale penye bikoni."

"Nitaapa," Florence alisema. "Mumbi mwenyewe aliniambia ameiona."

Nilimwambia hivyo kweli, ili asiniulize zaidi. Sasa angeshika Biblia mbele ya hakimu na kuusema uongo wangu kwa moyo safi. Miguu ilinisimamisha kabla sijaamua.

"Ngojeni. Huyo mnaomba aondolewe ni mimi."

Nikayasema yote. Hakuna aliyenifokea, na hilo lilinichoma zaidi. Florence aliuliza tu, "Uliona bikoni ukanyamaza? Na huu mgongo wangu?"

Alasiri hiyo mimi, Mchungaji na Florence tulienda kwenye nyumba aliyopanga Bulle. Mkewe, Nafiso, alitumiminia chai, na mimi nikarudia aibu yangu mwanzo hadi mwisho. Bulle aliweka kikombe chake chini.

"Kwa hivyo hamkutaka kuniibia?"

"Hapana. Mimi nilikosea, halafu nikaficha."

"Mama, Ijumaa nimeitisha tingatinga ing'oe hiyo msingi." Akamgeukia Florence. "Iko na nguvu?"

"Muulize mgongo wangu."

Bulle alicheka mpaka chai ikamwagika. "Basi kesi naondoa, nitajenga juu yake. Tingatinga ichimbe yenu kule kwenu, na lori yangu iwabebee mawe. Huyu mama asibebe tena."

Ijumaa ile nilifukua bikoni kwa mikono yangu mbele ya kanisa zima. Mawe yalifika kwa lori lililonuka mbuzi, na Florence aliketi kwenye kiti akiyahesabu kama malkia. Mwaka 2003 tuliezeka paa. Mchungaji alihubiri Ayubu yule yule, na safari hii nilipiga makofi.

Nyumba ya Bulle ina sebule ndefu ajabu kwa sababu ilifuata msingi wa kanisa. Nafiso husema ni sisi tuliomchorea ramani. Alhamisi mimi na Florence huenda kunywa chai kwake, na kiti changu kiko pale ambapo mimbara ingesimama. Nikikaa hapo nalikumbuka lile ombi letu, kwamba Mungu amwondoe anayezuia kusudi lake. Hakuniondoa. Alinisogeza ploti tatu tu.