Karibu ya Sanga

Jua la Muyeye halitui baharini. Bahari iko mashariki, kwenye mahoteli. Jua huangukia huku nyuma, juu ya mabati yetu na machimbo ya mawe. Jioni ile lilipokuwa likishuka, Sanga alikuwa amekaa mwisho kabisa wa benchi uani kwa Kabibi, mikono ameibana katikati ya magoti, akiomba giza lifike upesi.

Watu walikuwa bado wanaingia na vumbi la kazi. Wauza viazi karai walikuwa wamewasha majiko kando ya njia. Upande wa pili wa ukuta, kwenye majumba ya watu wanaokuja mara moja kwa mwaka, taa za bustani zilishajiwasha zenyewe, kwa nyumba zisizo na mtu. Huku kwenye watu, stima ilikuwa imekatika tangu asubuhi.

Kabibi, mwenyekiti wa kamati ya wenyeji, hakuzungusha maneno.

"Wakili wetu amenipigia. Yule anayejiita mwenye shamba ana sauti aliyoirekodi kwenye simu. Alikuja hapa, na mmoja wetu akamwambia hivi: 'Karibu, hapa ni kwako, mimi ndiye mgeni.' Sasa wanasema mahakamani tumekiri wenyewe kuwa shamba ni lake."

Babu za waliokuwa uani walilima muhogo pale na kuzikwa pale. Hati ya yule bwana ilitoka mwaka ambao hakuna mtu wa Muyeye aliyeitwa hata kuulizwa jina. Nyumba zao zilivunjwa, wakajenga. Zikavunjwa tena, wakajenga tena. Tingatinga lilishindwa kuwatoa. Sasa walikuwa wanakaribia kutolewa na adabu yao wenyewe.

"Alitamka hivyo hivyo?" aliuliza Tsuma, mwendesha bodaboda ambaye mdomo wake haukujua breki.

"Hivyo hivyo."

"Basi tunatafuta nini? Mimi nikikukaribisha nakwambia keti. Hayo ya 'hapa ni kwako, mimi ndiye mgeni' ni maneno ya nani hapa? Ni ya mudzomba."

Mudzomba ni mjomba. Ndivyo Wagiriama tunavyowaita Waswahili, na neno hilo lina mapenzi na lina sumu, kutegemea siku imekwendaje. Hapo halikuwa na mapenzi. Kila mtu aligeukia duka la Gharib pale kona. Mwenyewe alikuwa msikitini, kwenye swala ya magharibi. Alitoka Siyu, visiwani, mwaka wa mvua za El Nino, akapewa pembe ya kujenga kibanda, na tangu siku hiyo kila anayekuja kununua hata kiberiti huambiwa: karibu, hapa ni kwako, mimi ndiye mgeni.

Sanga aliyajua maneno hayo kuliko wote. Jioni nyingi alikuwa akisimama kwenye dirisha la duka lile akiyasikiliza, na njiani kurudi nyumbani akiyasema peke yake, kwa vile yalivyokuwa matamu mdomoni.

Siku ile ya mgeni, alikuwa anakandika ukuta wa jiko. Bwana mmoja nadhifu akaja, akavua viatu mbali, akainama. "Shikamoo, baba." Sanga alikuwa hajaamkiwa na mtu wa viatu vile maisha yake yote. Akanawa udongo. Akatoa kiti kizuri cha nyumba, akaangua madafu, kisha akayatoa yale maneno, yote, bila kuruka hata moja, na moyo wake ukajaa. Bwana akanywa dafu akitabasamu, simu imo mfukoni mwa shati. Watu hawa wametusoma. Wanajua Mgiriama ukimwamkia vizuri atakupa kiti alichokalia, nawe utaondoka nacho na pale kilipokuwa.

"Akirudi kutoka swala akute vitu vyake nje," alisema Tsuma. "Alale kwao."

"Tumwulize kwanza," Kabibi alisema, lakini watu walikuwa wamekwishasimama.

Kahaso, mke wa Sanga, alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Siku ya mgeni alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta ule ule mbichi, na baadaye alimcheka mumewe: "Leo umekuwa sharifu." Sasa alimtazama mara moja tu, halafu akajifanya kufunga leso upya.

Gharib ana jamaa mjini, Sanga alijiambia. Atapokelewa. Mimi nikitolewa naenda wapi? Akasimama na wengine, kwa sababu atakayebaki ameketi ataonekana. Mlango wa duka ulikuwa wa komeo tu. Wakaanza kutoa: kreti za soda, ndoo za mafuta ya kupikia, mzani. Sanga akajitwika gunia la unga begani.

Ndipo Gharib akatokea gizani, kofia kichwani, akikimbia kwa namna ya mzee asiyezoea kukimbia. Alipita kwa kila mtu akimgusa bega.

"Ni moto? Umeanzia wapi? Mola awalipe kheri, jirani zangu. Wacheni soda, okoeni unga, watu wasikose chakula kesho." Akamwona Sanga. "Ahsante, ndugu yangu. Taratibu na mgongo."

Tsuma alikuwa anatazama kreti.

"Si moto," Sanga alisema. "Ni mimi. Niliyemkaribisha yule bwana ni mimi."

"Wewe?" Tsuma alicheka. "Wewe Kiswahili hicho utakitoa wapi? Usimtetee mtu hapa, mzee."

Sanga, gunia likiwa bado begani, akayasema. Karibu, hapa ni kwako, mimi ndiye mgeni. Aliyasema kwa sauti ya Gharib, kwa kituo cha Gharib baada ya "karibu", na giza lilivyokuwa limeingia, watu wawili watatu waligeuka kumtazama Gharib midomo.

"Ni yeye," Kahaso alisema kwa upole. "Nilikuwapo."

Kabibi alimsogelea. "Kesho kesi ikisikizwa, utasimama mbele ya jaji, Sanga. Umweleze kwamba hayo ni maamkizi."

"Na asipoelewa?"

"Utamweleza tena."

Watu wakaanza kurudisha vitu. Tsuma alibeba kreti mbili kwa mpigo, akaomba radhi akiwa mlangoni, na Gharib akamwonyesha pa kuziweka. Kila aliyeingia na kitu alikaribishwa na akashukuriwa. Sanga alipofika kizingitini, Gharib alinyoosha mikono yote miwili.

"Hilo niachie," alisema. "Nitaliingiza mwenyewe."

Lilikuwa zito kwake, na aliliburuta.