Kibao cha Nne

1.
FOMU YA UKAGUZI
Gati la zamani, Mikindani. Siku ya 90 majini.
Kibao cha 1, chuma kitupu: chaza, mwani.
Kibao cha 2, rangi ya kawaida: chaza.
Kibao cha 3, plastiki tupu: chaza tele.
Kibao cha 4, plastiki yenye mfano wa ngozi ya papa: SAFI.
Mkaguzi: Zamaradi Chilumba.

2.
Safi! Nilipiga kelele hadi mlinzi akadhani nimetumbukia. Wewe unayesoma, umewahi kumpapasa papa? Kutoka kichwani kwenda mkiani, laini. Ukirudi, anakukwaruza. Vijifereji kama vya ngozi yake nilivichonga kwenye plastiki miaka mitatu ili chaza wakose pa kushika. Sababu yangu moja tu: mikono ya mama.

3.
Mikono ya mama (Bi Somoe, mkwanguaji wa chaza kwenye vyombo vya majini, miaka thelathini):
– gumba la kulia, halikunjiki
– kiganja, makovu kumi na moja, niliyahesabu nikiwa darasa la pili
– kucha

4.
TANGAZO
Kwa kuzingatia taarifa ya Bi. Zamaradi, kivuko kitavalishwa ngozi mpya Ijumaa. Wakwanguaji wanashukuriwa kwa utumishi wao.

5.
Leo, Alhamisi, jikoni.

"Mama, mkono umefanyaje?"

"Chaza tu."

"Chaza wa wapi? Wiki hii hakuna chombo kilichopandishwa pwani."

Akakoroga uji.

"Kibao chako cha nne. Kila Jumamosi nakipitia kidogo. Wageni waje wakikute kichafu? Uaibike, na mimi nipo?"

6.
Kidogo.

7.
"Ulikwangua nini, mama? Utelezi au chaza?"

"Mi nakwangua, sipimi."

"Umekatwa na cha nne au cha tatu?"

"Vimepangana, na maji yalikuwa ya tope. Sikuona."

Nilimkasirikia mama yangu. Nilitoka nje nikalia, halafu nikaona haya kwa kukasirika.

8.
Kwa Meneja wa Kivuko,
Naomba kufuta taarifa yangu ya tarehe tatu. Kibao cha nne kilikuwa kikikwanguliwa na

9.
"Andika jina langu," akasema nyuma yangu. "Somoe binti Likoko. Usilifiche." Kisha, polepole: "Ila niambie kweli. Hiyo ngozi inafanya kazi?"

"Sijui, mama. Hukuiacha ijibu."

10.
FOMU YA UKAGUZI
Kibao cha 4: kimerudishwa majini. Siku ya 1.
Maoni: Barua bado ninayo mkononi. Mama amekuja nami gatini. Ameketi ukingoni, anakitazama kibao, na mikono yake ameikalia.