Sentensi Kumi za Jana

Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, ni dobi wa hospitali. Miaka sita amefua mashuka ya wagonjwa, hadi siku moja uongozi ukatangaza kwamba dobi atakayefaulu mtihani wa Kiingereza cha awali atahamishiwa mapokezi, akae kitini na kuandika majina ya watu. Darasa lilifanyika katika ghala la mablanketi baada ya zamu. Aliyewafundisha alikuwa kijana niliyemfunza kusoma mimi mwenyewe, na jambo hilo nilikuwa nimemtangazia kila aliyekubali kunisikiliza.

Nilifundisha miaka thelathini na minne bila kuchelewa hata siku moja, na kalamu yangu nyekundu ingali mfukoni mwa shati. Kwa hiyo, Jumapili moja mchana mkwe wangu alipoketi mbele yangu na daftari, nilijiona niko mahali pangu.

"Baba, kesho ndiyo mtihani. Tumeambiwa tuandike sentensi kumi za mambo ya jana. Ziwe za kweli, na mtu wa nyumbani aweke sahihi kuthibitisha."

"Ukweli wa nini? Si mtihani wa lugha huo?"

"Mwalimu anasema ukiachiwa ubuni, utanakili kitabu."

Tukaanza. Alikuwa na tabia ya kutanguliza wakati na kumsahau mtendaji.

"Nani kwanza?"

"Aliyetenda."

"Kisha?"

"Alichotenda."

"Kisha?"

"Aliyetendewa, baba."

Vitenzi vya wakati uliopita vilimtoa jasho, hasa vile vikaidi visivyokubali mkia wa wenzao, lakini alivishika kimoja kimoja. Aliamka. Alifua. Alinunua sabuni. Alichemsha chai. Nilipiga alama za vyema kama mtu aliyeshiba.

Sentensi ya saba niliisahihisha kabla ya kuielewa. Nilihamisha neno moja, nikanyoosha kitenzi, nikapiga vyema. Ya nane vyema, ya tisa vyema, ya kumi vyema. Ndipo nikarudi kuzisoma tatu, kuanzia ile ya saba. Kwa Kiswahili zilisema hivi: Baba mkwe wangu aliwaambia wageni kwamba mimi ni mbuzi. Wageni walicheka. Na mimi nilicheka.

Siku iliyotangulia walikuwa wamenitembelea wastaafu wenzangu watatu. Mmoja aliuliza mkwe anaendeleaje na masomo. Nami, huku mkwe mwenyewe ameinama mbele yetu na sinia la vikombe, nikajibu kwamba kumfundisha huyu ni kumpigia mbuzi gitaa.

"Huo ni msemo tu," nikasema. "Sikukuita mbuzi."

"Ndiyo, baba. Lakini mpigaji ni wewe, na gitaa ni Kiingereza. Sasa hapo nani amebaki?"

Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu aliyepiga hesabu na kupata jibu. Nikamfikiria yule kijana wa ghala akisoma jina langu chini ya maneno hayo.

"Futa hizo tatu."

Hakubisha. Alichukua raba, akafuta polepole asichane karatasi, akapuliza vumbi. Penseli ilitoka, wino wangu mwekundu ukabaki, vyema tatu juu ya mistari mitupu.

"Zimebaki saba," akasema. "Na jana yenyewe nimeshaimaliza. Basi nipe wewe, baba. Jana ulinifanyia nini kingine?"

Penseli yake ilikuwa tayari. Alingoja kuandika, hakika sikuona kejeli usoni mwake.

Nilitafuta. Asubuhi nilimwagiza maji ya kuoga. Mchana nililalamikia chumvi. Jioni ndipo wale wageni. Nilitafuta hata "asante" moja, ya mdomoni tu, isiyo na gharama, nikakuta sikuisema jana, wala juzi.

"Zirudishe," nikamwambia.

"Zote tatu?"

"Zote. Unakumbuka mpangilio?"

"Nakumbuka."

Aliziandika bila kosa hata moja. Nikaweka sahihi, kwa mkono ule ule uliojaza ripoti za watoto miaka thelathini na minne.

Jumatatu alirudi amefaulu, na mapokezi anaanza mwezi ujao. Nilimpongeza, kisha sikuweza kujizuia.

"Mlizisoma mbele ya watu?"

"Kwa sauti, kila mtu zake."

"Mwalimu alisemaje?"

"Kasema sentensi zangu ziko sawa."

"Kuhusu mimi, mama."

Alikuwa akifungua vifungo vya koti la kazi. Akamaliza kwanza kifungo cha mwisho.

"Hakusema kitu. Kanituma tu nikufikishie shikamoo yake."

Nilifungua kinywa. Jibu la salamu hiyo nimelitoa maisha yangu yote bila kulifikiria, kwa sauti ya mtu anayepokea kilicho chake. Mkwe wangu akasubiri kwa adabu, koti mkononi. Kisha akaenda jikoni.