Mguu wa Mtu wa Shukrani

Mwaka wa 1983 bwana wa afya alikuja mtaani kwetu Bulla Pesa kutufundisha sisi wazee kwamba mtu anayeshukuru huzeeka vizuri. Mume wangu Elmi, aliyeendesha lori miaka thelathini bila kusikia la mtu, hilo moja aliliamini. Upepo ulipong'oa mabati yetu, alishukuru kwamba sasa hewa inaingia. Mimi nilipanda juu na nyundo.

Kisha goti lake likavimba kama kibuyu. Nikampeleka dispensari, ameniegemea bega njia nzima.

"Mzee, mguu vipi?" daktari akauliza.

"Alhamdulillahi."

"Usingizi unapata?"

"Alhamdulillahi."

"Kuna maumivu?"

"Tunamshukuru Mungu."

Daktari akaandika kwamba mzee ana afya njema. Nilipofungua mdomo nieleze, akanipima mimi presha, akatikisa kichwa.

"Mama, iko juu sana. Hizi hasira zitakuzeesha. Jifunze kwa mzee wako."

Nikasema asante, kwa sababu hiyo ndiyo dawa niliyoandikiwa. Halafu nikainama nimwinue huyo mwenye afya njema, maana kusimama peke yake kulimshinda.